Usiulize Mwezi, Uliza Mkasi: Mwaka Mmoja wa Kuzungukia Mizabibu ya Dodoma

Desemba ndio mwezi ambao watu wengi hupata nafasi ya kwenda Dodoma kutembelea mashamba ya zabibu, kwa kuwa likizo iko hapo, na kwa kazi hiyo ni mwezi mbaya kuliko karibu yote. Unakuta mizabibu ya kijani kibichi, vichala vyenye punje ngumu kama choroko, mkulima na bomba la dawa mgongoni, na kwenye viwanda vidogo matanki yameshaoshwa na mlango umefungwa. Gari umeshalikodi, chumba umeshakilipia, na hujaonja hata punje moja. Sisi tulianzia hapohapo. Safari tatu zilizofuata zilikuwa za kusahihisha kosa hilo.

Tulikuwa tumesoma kalenda ya watu wengine. Ulaya na kule Cape, Afrika Kusini, baridi ndiyo inayoulaza mzabibu: majani yanapukutika, mti unalala, joto likirudi unaamka, na mavuno yanakuja mara moja kwa mwaka. Stellenbosch huvuna kati ya mwisho wa Januari na Aprili. Ufaransa huvuna Septemba hivi. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, juu ya mwinuko wa mita 1,100 na ushei. Julai usiku utavaa sweta, lakini baridi hiyo haitoshi kuulaza mzabibu. Ukiachwa wenyewe, mzabibu wa Dodoma ungechipua ovyo mwaka mzima, tawi hili likiwa na maua na lile likiwa na zabibu mbivu.

Kinachoupangia majira ni mkasi. Mkulima akishapogoa, macho aliyoyaacha, yaani vifundo vya kuchipulia, huchipua ndani ya wiki mbili hivi, maua hufuata baada ya mwezi na zaidi kidogo, na mavuno huja takriban miezi minne tangu siku ile ya kupogoa. Hapo ndipo siri yote ilipo, na inageuza namna ya kupanga safari. Ukimpigia mkulima na kumuuliza "zabibu zinaiva lini?", atakujibu kwa heshima, "karibu tu." Muulize "mmepogoa lini?" na utapata tarehe. Hesabu miezi minne mbele, punguza au ongeza wiki mbili kwa sababu ya aina ya zabibu na joto la mwaka huo, na umeshajua siku ya kwenda. Mashamba mawili yaliyotenganishwa na njia ya ng'ombe tu yanaweza kupishana kwa mwezi mzima, kwa sababu mmoja alipata vibarua mapema na mwenzake hakupata.

Pamoja na hayo, wakulima wengi hupogoa kwa makundi ili kupata misimu miwili. Mvua ya Dodoma ni msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Anayepogoa Aprili au Mei huvuna Agosti na Septemba, katikati ya ukavu. Huu ndio msimu mkubwa. Anayepogoa tena Oktoba au Novemba huvuna Februari na Machi, na hayo ni mavuno madogo, yenye kubahatisha, maana zabibu zinaiva huku mvua inanyesha.

Neno moja kuhusu majina kabla ya kuingia shambani. Mzee wa pwani ukimwambia mvinyo huenda akafikiria pombe kali, kanisani wanasema divai, mtaani Dodoma utasikia waini, na aina zake ni "drai," yaani mkavu usio na utamu, na "switi," mtamu. Halafu kuna neno ambalo wageni wengi hulikosea: mchuzi wa zabibu. Si juisi wala si mboga. Ni zabibu zilizokwisha kusagwa na kuchachushwa, mvinyo mbichi usiochujwa sawasawa wala kutiwa chupani, unaouzwa kwa lita kwa wanaokwenda kuukamilisha na kuuweka lebo mahali pengine. Mkulima akikuambia ana lita elfu kadhaa za mchuzi, anakueleza habari ya mtaji wake uliokwama kwenye matanki. Ukimwomba akupe glasi kwa ajili ya mtoto, mtaaibika wote wawili.

Jiografia nayo ina mtego wake. Makutupora ziko mbili. Ya zabibu iko kaskazini mwa jiji, kilomita 20 hivi kwenye barabara ya Arusha, ambako kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI kilichobobea kwenye zabibu, na kutoka huko aina maarufu ya Makutupora nyekundu ilipata jina lake. Makutupora ya pili iko Manyoni, mkoani Singida, na ndiyo unayoisikia kwenye habari za reli ya kisasa, kipande cha Morogoro hadi Makutupora. Anayetoka Arusha au Nairobi kwa barabara ya Babati na Kondoa anaipita Makutupora ya zabibu kabla hajaingia mjini, kwa hiyo aanzie hapo badala ya kufika mjini na kurudi nyuma.

Mashamba mengine yametawanyika kama vidole vya mkono. Hombolo iko kaskazini-mashariki, mwendo wa karibu kilomita 40, palipo na bwawa na kiwanda cha mvinyo cha CETAWICO. Chamwino na Buigiri ziko mashariki, kwenye barabara ya Dar es Salaam, na huko ndiko liliko shamba kubwa la pamoja la Chinangali, la umwagiliaji wa matone. Bihawana, Mpunguzi na Mbabala ziko upande wa barabara ya Iringa. Wamisionari wa Kiitaliano walipanda mizabibu Bihawana miaka ya 1950, na historia ya zabibu za Dodoma huanza kusimuliwa hapo. Mwenye tamaa hupanga Hombolo asubuhi, Bihawana mchana na Makutupora jioni. Tulijaribu. Kila mahali tulifika tukiwa tumechelewa, na tulichokiona zaidi ni vumbi la njiani. Upande mmoja kwa siku moja unatosha, na sehemu mbili ndani ya upande huo ndio mwisho.

Machi tulirudi kwa mavuno madogo. Safari hii inahitaji moyo mgumu kidogo, lakini ndiyo iliyotufundisha kilimo chenyewe kuliko zote. Njia za kuingia mashambani zimekatwa na makorongo, mito ya mchanga ambayo wiki nzima huwa mikavu na baada ya mvua ya saa moja huteremsha maji ya kuzoa gari. Dereva mwenyeji akisema tusubiri, msubiri. Maji ya korongo hushuka upesi kama yalivyopanda. Mkipita kwa pupa, ndipo mtakapotafuta trekta la kuwavuta, na bei yake hupangwa mkiwa tayari mmekwama.

Shambani utaona kwa nini wakulima wanauogopa msimu huu. Ubwiri unga huja kama vumbi jeupe juu ya punje changa. Ukiusugua kwa kidole unatoka, lakini ngozi iliyo chini yake imekakamaa, na punje ikinenepa inapasuka. Ubwiri vinyoya unakaa upande wa chini wa jani, na juu yake unaona madoa ya njano kama mafuta yaliyodondokea karatasi. Wa kwanza hutibiwa kwa salfa, wa pili kwa dawa za shaba, zile jamii ya mrututu. Kwa mgeni maana yake ni moja: usichume na kula kabla hujauliza. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, zimeandikwa kwenye kifungashio, na mkulima anazijua. Kuuliza "mmepulizia lini mara ya mwisho?" hakumkeri mtu. Atakayekereka ni yule unayemkuta unatafuna huku yeye bado anavua barakoa.

Kingine cha Machi ni ladha. Mvua ya wiki ya mwisho huingia kwenye punje, zabibu zinajaa maji na sukari inashuka. Ukibahatika kumkuta mtaalamu wa kiwanda ana rifraktomita, kile kidude kama darubini ndogo, mwombe akutilie tone la maji ya zabibu uchungulie. Kiwango cha sukari kinasomwa kwa nyuzi za Briksi. Kwa mvinyo mkavu wengi wanataka kati ya 20 na 24. Ukizidisha Briksi kwa 0.55 hadi 0.6 unapata makadirio ya kilevi: zabibu za 22 zitakupa asilimia 12 hadi 13. Zikija za 17, mvinyo utakuwa mwepesi, na hapo ndipo mtengenezaji analazimika kuamua kama ataongeza sukari, atachanganya na za shamba jingine, au atazikataa. Tulishuhudia kreti zikirudishwa. Hakuna anayepiga kelele wakati huo, na mgeni mwenye kamera anafaa kuishusha.

Habari ya bei izungumzwe kwa tahadhari msimu wowote. Wakulima wa Dodoma wamewahi kuona zabibu zikiozea shambani kwa kukosa mnunuzi, na wengi waliingia kwenye mchuzi kwa sababu hiyohiyo, kwa kuwa mchuzi husubiri soko na zabibu mbivu haisubiri. Mgeni anayeuliza "kwa nini msiuze ghali zaidi?" anachokoza kidonda. Nunua kitu. Kilo mbili za zabibu za mezani na chupa mbili ni adabu ya kutosha kwa mtu aliyekupa saa mbili za siku yake ya kazi.

Msimu mkubwa, Agosti hadi Septemba, ndio wa kumpeleka mama mkwe na marafiki wasiojali Briksi. Hewa ni kavu, asubuhi ni baridi, barabara ziko wazi, na harufu ya zabibu zinazochachuka inakupokea nje ya geti. Na kwa kuwa kila mtu anajua hivyo, matatizo yake ni ya msongamano. Maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nzuguni huangukia mwanzoni mwa Agosti. Bunge nalo mara nyingi huwa na mkutano kati ya mwisho wa Agosti na Septemba, na nyumba za wageni za katikati ya jiji hujaa na kupandisha bei. Tuliweka oda ya chumba wiki moja kabla tukaishia kulala mbali na kulipa zaidi. Weka mwezi mmoja kabla, na uangalie ratiba ya Bunge kama unavyoangalia hali ya hewa. Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, hubana vyumba kwa muda mrefu zaidi.

Usafiri wa kutoka Dar es Salaam umekuwa mwepesi tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa kuwa shilingi 31,000 wakati huo, na mwendo ni wa saa nne hivi badala ya kushinda siku nzima kwenye basi. Lakini treni inakushusha mjini, na zabibu haziko mjini. Fedha nyingi zitaishia kwenye gari la kukodi. Bodaboda inakufikisha Mpunguzi, sawa, ila kurudi na chupa sita za kioo kwenye barabara ya vumbi ni habari nyingine. Patana bei ya siku nzima pamoja na mafuta na muda wa kusubiri, na mchague dereva asiyeonja. Hilo mliseme waziwazi kabla hamjaondoka, kwa sababu wenyeji ni wakarimu na glasi ya dereva itamiminwa bila yeye kuomba.

Fika shambani saa moja asubuhi. Wavunaji wanaanza alfajiri ili zabibu ziingie kiwandani zikiwa bado za baridi. Kufika saa nne, ukadhani umewahi, unakuta kreti zimeshapakiwa. Salimia kwanza. "Mbukwenyi" ya Kigogo inafungua nyuso kuliko zawadi yoyote, hata ukiitamka vibaya. Kisha omba kuonyeshwa jinsi ya kuchuma. Kichala hushikwa kwa kiganja kutoka chini, kikono chake kinakatwa kwa mkasi, na punje zilizooza zinatolewa palepale kabla hakijaingia kwenye kreti. Ukivuta kwa mkono unaliumiza jicho la msimu ujao. Kreti isijazwe kupita ukingo, la sivyo ya juu inaponda ya chini, maji yanatoka, nyuki na nzi wanafika, na uchachu wa siki unaanzia hapo hapo shambani.

Njia ya mwenyeji ya kujua kama zabibu ya mvinyo imeiva haihitaji kifaa. Tafuna punje, tema mbegu kiganjani uitazame. Mbegu ya kijani na laini bado. Ikiwa ya kahawia na inavunjika kwa meno kama karanga iliyokaangwa, imeiva. Kisha tafuna ganda peke yake. Makutupora nyekundu ikiwa bado changa inaacha ukakasi unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Ikiiva, ukakasi unabaki kwa mbali, na mate yanarudi. Chenin Blanc, zabibu nyeupe iliyotawala Dodoma, ina uchachu zaidi hata ikiiva, na hiyo ndiyo sifa yake. Usidhani ni mbichi.

Kiwandani fuata mlolongo. Zabibu nyekundu husagwa na kuvuliwa vikonyo, kisha maji yake yanachachuka pamoja na maganda kwa siku tano hadi kumi, kwa kuwa rangi na ukakasi viko kwenye ganda. Nyeupe hukamuliwa kwanza, na maji matupu ndiyo yanayochachushwa, kwa ubaridi zaidi, vizuri ikiwa chini ya nyuzi 18. Kuutunza ubaridi huo ndiko kunakotenganisha kiwanda kidogo chenye uwezo na kile kinachohangaika. Umeme ukikatika mchana wa Septemba, tanki la Chenin linapanda joto na harufu ya matunda inapotea hewani. Mvinyo mweupe unaonuka kama tufaha lililopikwa mara nyingi umepitia hapo, au uliachwa ukapigwa na hewa.

Simama kidogo kwenye tanki la nyekundu. Maganda yameelea juu, yamejibana kuwa tabaka zito la zambarau lenye unene wa mkono, linapumua mapovu kwenye nyufa. Mtu anapanda ngazi na mti wenye kibao mwishoni, anayasukuma yazame, yanapasuka na kutoa sauti kama tope linalonyonya buti, mvinyo wa pinki unabubujika juu, na dakika chache baadaye maganda yameanza kupanda tena. Hufanywa mara mbili au tatu kwa siku. Yasipozamishwa, juu panakauka, panashika siki, na tanki zima linaharibika. Tazama, lakini usiingize kichwa kwenye mdomo wa tanki kunusa. Zabibu zikichachuka hutoa kaboni dayoksaidi, hewa isiyo na rangi, nzito, inayojikusanya kwenye mashimo na matanki, na pumzi mbili tatu zinaweza kumwangusha mtu. Viwanda vya mvinyo duniani kote vimeua watu kwa namna hiyo. Chumba kikiwa kidogo na madirisha yamefungwa, mtoto abaki nje.

Kuonja kuna utaratibu wake pia, na wenyeji wakiwa na furaha huupindua. Anza na nyeupe, kisha nyekundu kavu, na tamu ziwe mwisho. Ukianza na ile switi, kavu zote zitakazofuata zitakuwa kama dawa ya kikohozi, na utamhukumu mtengenezaji bure. Dodoma soko kubwa ni la mvinyo mtamu, hivyo ndicho watakachokumiminia kwanza kwa nia njema. Omba taratibu: "Naomba nianze na drai." Glasi ijazwe theluthi. Kutema si dharau, ila eleza mapema kwamba utatema na uombe kopo. Ukitema bila maelezo, mwenyeji ataelewa vibaya. Kula kitu kabla. Chupa ya maji ya lita moja na nusu kwa kila mtu si nyingi, kwa sababu hewa ya Dodoma inakukausha bila kukutoa jasho.

Viwanda vingi vidogo havina chumba cha kuonjea chenye saa za kufungua kama kule Cape. Ni geti, mlinzi, na mtaalamu ambaye siku hiyo anaweza kuwa ameinama ndani ya mashine. Piga simu siku tatu kabla, na tena jioni ya kuamkia safari. Tulipofika bila simu ya pili tulikaa nje ya geti dakika 90, na kosa lilikuwa letu.

Unaponunua, tazama shingo na lebo. Tangu Januari 2019 chupa za mvinyo zinazouzwa Tanzania zinatakiwa kuwa na stempu ya kodi ya kielektroniki, na alama ya TBS, Shirika la Viwango, iwepo. Mvinyo wa kwenye chupa ya maji ya plastiki, hata ukiwa mtamu namna gani, huna njia ya kujua umetiwa nini na umekaa muda gani. Soma pia kama umetokana na zabibu au ni kinywaji kilichotiwa ladha. Sheria ya ushuru yenyewe hutofautisha mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya matunda ya nchini, na mtengenezaji anayetumia zabibu za Dodoma kweli hujivunia kuandika. Hesabu ndogo ya kukusaidia kupima bei: chupa ya mililita 750 hula kilo moja na ushei ya zabibu. Chupa, kizibo, lebo, stempu na umeme viko juu ya hapo. Ukiuziwa "mvinyo wa zabibu halisi" kwa bei inayokaribia ya kilo moja ya zabibu, kuna kitu hakijasemwa.

Chupa ulizonunua asubuhi zisibaki kwenye buti la gari hadi jioni. Joto linautanua mvinyo, kizibo kinasukumwa, na ukifika nyumbani unakuta shingo inanata na ladha imechoka. Beba kasha la plastiki la vinywaji baridi, tia chupa za maji zilizoganda, funga kila chupa kwa kanga, na ziweke chini ya kiti. Zabibu za mezani, zile nyeusi na nyeupe zinazouzwa kando ya barabara, huhimili siku mbili au tatu nje ya friji ikiwa hazijaoshwa. Ukiziosha kabla ya safari utafika na uji. Muuzaji akikufunulia ndoo, tazama vikonyo: vya kijani vimekatwa leo au jana, vya kahawia na vikavu vina siku kadhaa.

Novemba tulikwenda tukidhani tunakamilisha orodha tu, na sasa tunaona ndiyo safari ambayo mtu anayependa kujua angeianza nayo. Joto ni kali, nyuzi 30 na zaidi mchana, mlima na bonde vyote vya rangi ya udongo, mbuyu hauna jani. Wanaotafuta picha nzuri wasije. Lakini mtengenezaji ana muda. Chenin ya Agosti imeshatulia na inakaribia kutiwa chupani au imeshatiwa, unaionja ikiwa bado na ule ukali wa ndimu, na nyekundu ya Septemba unaionja kutoka kwenye bomba la tanki, bado chafu kidogo, huku akikuonyesha itakapoelekea. Maswali ambayo msimu wa mavuno yangejibiwa kwa kichwa tu, sasa yanajibiwa kwa kiti na kikombe cha chai. "Nyekundu" iliyohifadhiwa kwa joto la chumba la Novemba ipoze dakika 30 kwenye friji kabla ya kuinywa. Joto la chumba linalotajwa vitabuni ni la vyumba vya Ulaya.

Na shambani wanapogoa. Mpogoaji mzoefu anatembea na mstari, mkasi haupumziki, matawi ya msimu uliopita yanaanguka miguuni, na kwenye kila kitawi anaacha macho mawili, wakati mwingine matatu. Mkato unakaa kidogo juu ya jicho la mwisho, umeinama upande wa pili ili maji yasilidondokee. Nyuma yake wengine wanakagua nguzo kwa mchwa, ambao hawalali Dodoma. Nguzo inaonekana nzima, ukiipiga teke inavunjika kama biskuti. Ngoja kidogo kando ya mti uliopogolewa muda huo na utaona tone linajikusanya kwenye kidonda, jeupe kama maji, linaning'inia, linaanguka. Wanasema mzabibu unalia. Muulize mpogoaji mstari huu ulianzwa siku gani na ule wa kule utamalizwa lini, viandike vyote viwili kwenye simu pamoja na jina la shamba, hesabu miezi minne, halafu ndipo ukate tiketi ya kurudi.